Mbuzi Aliyesafiri na Mama

Mtaani kwetu ukishajulikana kuwa unajua Kiingereza, umekwisha. Kwenye kikao cha harusi hakuna atakayekuuliza maoni, lakini barua ya kuomba kazi, ombi la viza na malalamiko ya kila aina vitapita mlangoni kwako, tena saa ya kula. Na barua nyingi huja na tatizo lilelile: sentensi mbili tatu zimepakizana mshikaki kwenye bodaboda moja.

Walimu wa Kiingereza kosa hilo huliita “run-on”. Wengi hudhani maana yake ni sentensi ndefu. Sivyo hata kidogo. “It rained we left” ina maneno manne tu na tayari imeharibika, ilhali wakili aliyebobea anaweza kukujazia ukurasa mzima kwa sentensi moja na usipate pa kumshika. Kosa ni kukutanisha vishazi huru viwili, kila kimoja na kiima chake na kitenzi chake, halafu usiweke cha kuvitenga wala cha kuviunga.

Shemeji yangu ameajiriwa na watu wa nje, na bosi wake hajui Kiswahili. Siku moja aliomba ruhusa kwa maneno haya: “I must treat the goat my mother is travelling with my sister on Friday.” Alichotaka kusema ni kwamba inambidi amtibu mbuzi, kwani mama, ambaye ndiye mchungaji, anasafiri na dada Ijumaa. Bosi, mama wa watu mwenye huruma, alijibu kwa upole akiuliza kwa nini mama anasafiri na mbuzi mgonjwa, kama basi litawakubali, na dada naye amefanyaje hiyo Ijumaa.

Shemeji alikuja kwangu amefura. “Huyu mama Kiingereza hakijui!”

Anakijua, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Kiingereza huruhusu kirejeshi kidondoshwe, kwa hiyo “the goat my mother is travelling with” ni mbuzi ambaye mama anasafiri naye, barabara kabisa. Msomaji amekwishampandisha mbuzi basini kabla hajafika kwa dada. Kiswahili hakitoi nafasi hiyo. Bila “ambaye” au “anayesafiri naye”, mbuzi wetu hakati tiketi.

Shemeji akachukua kalamu, akatia mkato baada ya mbuzi. “Haya, sasa?”

Sasa mbuzi ameshuka, ila wino mwekundu uko palepale. Kwa Kiingereza mkato peke yake hauna nguvu ya kuunga vishazi huru viwili. Hapo tulibishana mpaka chai ikapoa, na sikatai kwamba hoja yake ilikuwa na uzito. Kwetu lugha inakwenda hivyo. Nilikwenda sokoni, nikanunua dagaa, nikapanda daladala, nikawasahau dagaa. Vitenzi vinne, mikato mitatu, na hakuna mwalimu wa kukugusa, kwa sababu ile -ka- imebeba kazi ya kuunganisha ndani ya kitenzi chenyewe. Kiingereza hakina -ka-. Mtoto wa Tanzania anasoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza, na ghafla masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Anavuka na mikato yake yote mkononi. Zile -ka- zilizokuwa zikiitegemeza zimebaki ng’ambo, na hakuna aliyemwambia.

“Mbona Julius Caesar aliandika hivyohivyo?” Shemeji huwa hakubali kushindwa bila kuita mashahidi. Ni kweli kwamba Caesar, baada ya kushinda vita vya Zela mwaka 47 KK, anasifika kwa kusema alikuja, akaona, akashinda. Na Waingereza huiandika “I came, I saw, I conquered”, mikato mitupu, bila aibu. Vishazi vifupi vyenye umbo moja husamehewa. Nami kwa kutaka kuonyesha kwamba nimesoma, nikamwongezea James Joyce, ambaye mwaka 1922 alifunga riwaya yake ya Ulysses kwa sura ndefu yenye sentensi nane tu na karibu hakuna alama yoyote ya uandishi. Nilijuta papo hapo, maana Shemeji aliuliza anapatikana wapi huyo bwana. Ilinibidi nimkumbushe kwamba Caesar alikuwa na jeshi, na Joyce hakuwa anaomba likizo.

Kipimo ninachompa kila anayekuja ni kuigeuza sentensi iwe swali la ndiyo au hapana. “Must I treat the goat?” Hilo moja. “Is my mother travelling with my sister on Friday?” Hilo la pili. Ukilazimika kuuliza mara mbili, ulikuwa na sentensi mbili. Ukishaziona, tia nukta katikati. Au nuktamkato, kama mambo yenyewe ni ndugu. Au mkato ulioandamana na kiunganishi kama “and”, “but” au “so”. Kwa habari ya mbuzi mimi nilichagua kukifanya kishazi kimoja kimtegemee mwenzake, kwa kutia “because”, kwa kuwa sababu ndiyo bosi aliyokuwa akiitafuta. Jihadhari tu na “however”. Lina sura ya kiunganishi lakini si kiunganishi, na kabla yake panahitajika nukta au nuktamkato.

“Yaani neno lote hilo halina nguvu,” Shemeji akashangaa, “halafu ‘so’ yenye herufi mbili inayo?”

Ndiyo. Malalamiko apeleke London.

Alikwenda na nukta, akazipenda kupita kiasi. Aliporudi kazini aliandika: “I am back. The goat is well. I am at my desk.” Bosi alimwita ofisini na kumuuliza nani amemuudhi.

Aliyenishinda kabisa ni shangazi, ambaye sanduku lake lilipotelea njiani akitoka Muscat. Alinisomea malalamiko yake amesimama: nikafika, nikasubiri, mkanda ukazunguka, masanduku ya watu yakatoka, langu nisilione, nikauliza, nikaambiwa nikae, nikakaa, mkanda ukazimwa. Nikayaweka kwa Kiingereza safi, sentensi fupifupi, kila nukta mahali pake, kisha nikamfasiria nilichoandika.

“Mbona umenikatakata?” akasema. “Hasira yangu umeipeleka wapi?”

Sikuwa na jibu. Nikazifuta nukta, nikaweka “and” kila penye -ka-, kwa kuwa sarufi ya Kiingereza haikuwekei kikomo cha “and”. Wanaonung’unika ni wapenda mtindo tu. Barua ikawa ukurasa mmoja na sentensi moja, na kisheria haikuwa na kosa. Shirika la ndege lilijibu kwa mstari mmoja, nukta mwishoni: bado wanalitafuta.

Shangazi aliomba asomewe mara mbili. “Huyu kasoma,” akasema, “lakini sanduku hana.”