Saa ya Mama Iko Argentina

Saa iliyo jikoni kwa mama yangu, hapa Nangwa, inafuata majira ya Buenos Aires. Si utani. Mama alitaka saa ya namba kubwa, isiyomsumbua kutafuta miwani, akaweka sharti moja tu: isiwe ile ya kuandika 7:00 wakati kila mwenye akili timamu anajua ni saa moja. "Nataka saa inayosema ukweli," akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Kuandika programu ndiyo kazi inayonipa ugali. Vitu kama hivi navifanya jioni kwa raha zangu, kwenye meza ambayo nusu yake ni waya na nusu ni mbegu za mahindi za baba. Nilikuwa na kibao kidogo cha kompyuta cha ESP32, kioo cha namba nyekundu na chaja ya simu iliyokwisha kufa. Ilibaki hesabu ya kutoa saa 6, lakini mvivu hatoi. Sisi tuko saa 3 mbele ya Greenwich. Ukirudi nyuma saa 6 unaangukia saa 3 nyuma ya Greenwich, na huko tayari kuna wenyewe, Waargentina, ambao hawasogezi saa zao mwaka mzima. Ikiwa kwetu saa 12 asubuhi, kwao ni 12 ya usiku wa manane. AM yao yote ni mchana wetu, PM yao yote ni usiku wetu. Ungedhani nchi ile ilipangiwa majira na bibi mmoja wa Katesh.

Kuna njia nyingine, na hii huwachekesha wenzangu wa kazini. Kanuni ya POSIX, ambayo kompyuta nyingi huifuata, iligeuza alama: aliye mashariki ya Greenwich anaandikiwa kutoa, wa magharibi anaandikiwa kujumlisha. Afrika Mashariki basi ni EAT-3. Anayeanza kazi huandika EAT+3, kama mtu yeyote mwenye busara, na saa yake inarudi nyuma saa 6 kamili. Duniani kote hilo ni kosa la kurekebishwa kabla bosi hajaliona. Kwetu Nangwa hiyo ndiyo saa sahihi.

Mama alifurahi. Aliyeumia ni mdogo wangu, aliyekuwa anawahi basi la Arusha linalopita hapa alfajiri. Tiketi yake iliandikwa 05:00. Akaamka gizani, akajikokota hadi jikoni, akakuta namba nyekundu: 11:00 PM. Kijana amekulia Tanzania. Akiona 11:00 PM, kichwa chenyewe kinatoa 6 bila kuombwa. Saa tano usiku! Akarudi kitandani akijipongeza kwa usingizi uliobaki. Basi likapiga honi barabarani, likaondoka, naye anakoroma. Hapo ndipo palipo na mtego: kila mmoja wetu ameshafunga mashine ya kutoa 6 kichwani, na saa ikimtolea, naye anatoa tena. Mama hana mashine hiyo. Yeye hata kwenye saa ya mishale huangalia mkia wa mshale badala ya ncha, na hajawahi kuachwa na basi.

Kuku ndio walionitesa. Nilitengeneza mlango wa banda unaojifungua wenyewe saa 12 asubuhi. Tatizo ni kwamba majira ya Afrika Mashariki yamepimwa kwa mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, unaopita Somalia karibu na Mogadishu. Mlima wetu wa Hanang, pamoja na urefu wake wote wa mita 3,417, uko nyuzi 35 na ushei. Kila nyuzi moja ni dakika 4, kwa hiyo jua letu liko nyuma ya saa kwa karibu dakika 40. Mwezi wa pili, saa 12 asubuhi hapa bado ni giza la kukanyagana. Mlango ulifunguka kwa wakati, kuku wakabaki juu ya vijiti vyao. Kicheche peke yake ndiye aliyeheshimu ratiba.

Nikafunga kihisi cha mwanga, kuku wafuate jua badala ya Mogadishu. Kikafanya kazi vizuri mpaka usiku ambao bodaboda alimleta baba mdogo kutoka mnadani, taa kamili imeelekea bandani. Mlango ukafunguka, jogoo akawika saa nne usiku, na baba mdogo, aliyekuwa amekunywa kidogo, akatusalimia "mmeamkaje." Tangu hapo banda lina komeo la mbao, na funguo za kazi hiyo anazo mtoto wa jirani kwa malipo ya mayai.

Baada ya hapo nikahamia kwenye ujumbe wa simu. Shangazi ni mwenyekiti wa kikoba, akataka kompyuta iwakumbushe wanachama vikao. Programu ikaandika: "Kikao kesho saa 10:00." Nusu ya akina mama wakasoma kama kwenye simu, wakafika saa nne asubuhi. Nusu wakasoma kama walivyofundishwa na mama zao, wakafika saa kumi jioni. Walipishana njiani, waliotoka wakiwapa pole wanaokuja, na mandazi yalikuwa yameisha.

Sasa ujumbe unasema "saa nne asubuhi," kwa maneno, na wanafika saa sita, kama walivyokuwa wakifika kabla kompyuta haijaingia kijijini. Shangazi akaniuliza kama hiyo kompyuta inaweza pia kutoza faini wachelewaji. Inaweza, nikamwambia, ni kazi ya jioni moja. Ujumbe wa kwanza wa faini ulimfikia yeye, akiwa bado anasuka nywele nyumbani, na hadi leo ananidai nifute.