Mbinu za Kumzidi Bosi Ujanja Siku ya Mshahara

Dada yangu, uko ofisini Dar es Salaam, unafanya kazi ileile na kaka wa meza ya pili, na unahisi analipwa kukuzidi. Usilie wala usigombe. Fanya hivi.

1. Pata namba yake. Bosi anakupunja kwa sababu mishahara ni siri. Mhasibu usimsumbue, ataogopa. Mfuate kaka mwenyewe, umsifie: "Kwa kazi unayopiga wewe, hapa hawawezi kukulipa chini ya milioni mbili." Akipata zaidi, atakusahihisha papo hapo. Akipata pungufu, uchungu utamtoa ukweli.

2. Jua mapema. Lilly Ledbetter alikuwa msimamizi katika kiwanda cha matairi cha Goodyear, Gadsden, Alabama, kwa miaka 19. Alikuja kushtuliwa na kikaratasi kisicho na jina, akiwa karibu kustaafu: yeye dola 3,727 kwa mwezi, na mwanamume wa cheo chake aliyelipwa kidogo kuliko wote, dola 4,286. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamwambia amechelewa kulalamika. Sheria ilibadilishwa 2009 na ikapewa jina lake, lakini fidia hakuiona. Kwetu Tanzania, mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unatakiwa ufike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Anza kuhesabu.

3. Ogopa ukaimu. Hapa ndipo akina dada wengi wanapoliwa. Unaitwa, unakabidhiwa ufunguo wa ofisi kubwa, wenzako wanaanza kukuita "mama mkurugenzi," na kusema kweli unasikia raha. Lawama zote zinahamia kwako. Mshahara unabaki palepale. Unakaimu mwaka, unakaimu wa pili, halafu analetwa mwanamume kutoka nje, na anayepangiwa kumfundisha kazi ni wewe. Huo ni wizi, tuuite hivyo. Kwa hiyo ufunguo usiupokee mikono mitupu. Dai kwanza barua yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha na kiasi cha posho ya kukaimu. Akikwambia barua inaandaliwa, mwambie na wewe unajiandaa.

4. Njoo kikaoni bila kalamu. Wataangaza macho wakitafuta mwanamke wa kuandika muhtasari. Tulia. Anayeandika hapati nafasi ya kusema, na asiyesema hakumbukwi vyeo vinapogawiwa. Chai nayo waimimine wenyewe.

5. Subiri tarehe 9 Machi. Tarehe 8, Siku ya Wanawake, bosi atavaa kitenge cha sare, atashika bango la usawa na kupiga picha nyingi. Mpigie makofi, anapenda. Kesho yake asubuhi nenda masijala na barua yako. Taja mshahara wako, taja wa kaka, kisha taja kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kinachomtaka mwajiri ahakikishe wanawake na wanaume wanalipwa sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Ambatisha ile picha ya bango. Beba nakala mbili, na usitoke pale dirishani mpaka yako igongwe muhuri wa kupokelewa.