Mwongozo wa Kufa Mara Moja Tu: Kwa Manahodha wa Nyambizi za Kompyuta

Kuzamisha meli kwenye kompyuta ni kazi ya mtu yeyote mwenye kidole. Kufa ndiko kunakotaka mafunzo.

Michezo ya nyambizi si ya jana. Sid Meier alitoa Silent Service mwaka 1985, ikafuata Aces of the Deep mwaka 1994, kisha Silent Hunter III mwaka 2005. Wapolandi nao wametuletea UBOAT, iliyokamilika mwaka 2024. Katika michezo hii unakabidhiwa chombo cha chuma, mabaharia wenye majina yao, na bahari iliyojaa watu wanaokutafuta. Unakabidhiwa pia silaha inayoharibu kuliko bomu lolote: kitufe cha kurudi pale ulipohifadhi mchezo. Ukikibonyeza, waliokufa wanafufuka, torpedo iliyokosa shabaha inarudi ndani ya bomba lake, na nahodha anajaribu tena akiwa ameshajua manowari itatokea upande gani. Hapo hakuna ujasiri wowote. Ni kucheza bao na mtu anayekurudishia kete kila akikula.

Wachezaji wakongwe wana sheria yao fupi: aliyekufa amekufa. Ninaiamini sheria hii kwa moyo wote, kwa sababu hatari inayoweza kufutwa haikufundishi kitu. Zifuatazo ni hatua nane za kuishika hadi mwisho, na mwisho wenyewe mara nyingi utakuwa mchungu.

Hatua ya kwanza: Kula kiapo ukiwa bandarini

Silent Hunter III haikulazimishi kufa. Inakuacha urudi utakavyo, kwa hiyo sheria lazima uitunge mwenyewe, na uitunge kabla hujang'oa nanga. Ukiwa katikati ya mabomu hutatunga sheria, utatunga visingizio. Andika hivi: nyambizi ikizama au nahodha akifa, faili la kazi yake linafutwa usiku huohuo. Kuhifadhi mchezo kunaruhusiwa kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba una kazi kesho asubuhi. Hifadhi ukiwa bandarini, au juu ya maji mahali pasipo na meli yoyote.

Kisha fungua ukurasa wa kuchagua ugumu. Betri iwe na kikomo, hewa iwe na kikomo, mafuta yawe na kikomo. Ruhusu torpedo mbovu. Zima kamera ya nje inayokuonyesha kila kitu kutoka juu, kwani nahodha wa mwaka 1941 hakuwa na jicho la tai. Alikuwa na periskopu, na masikio ya baharia mmoja aliyevaa vipokea sauti.

Hatua ya pili: Chagua mwaka wako

Mwaka unaoanzia ndio unaoamua utakufa vipi. Katika nusu ya pili ya 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mabaharia wa nyambizi za Ujerumani walikuwa wakizamisha meli karibu watakavyo, wakauita wakati wa furaha. Ukianzia hapo utashinda sana, na utadhani ustadi ni wako.

Mei 1943 ni habari nyingine. Katika mwezi huo mmoja Ujerumani ilipoteza nyambizi zaidi ya 40. Rada mpya, ndege za masafa marefu, meli ndogo za kubebea ndege na kazi ya wavunja siri wa Uingereza huko Bletchley Park vilikutana mahali pamoja kwa wakati mmoja. Admirali Karl Dönitz aliziondoa nyambizi zake Atlantiki ya Kaskazini kabla mwezi haujaisha. Mwanawe Peter alikufa mwezi huohuo ndani ya U-954.

Hadi vita vinakwisha, kati ya watu wapatao 40,000 waliohudumu katika nyambizi za Ujerumani, karibu 30,000 hawakurudi nyumbani. Iweke hesabu hiyo karibu na kompyuta yako. Nahodha anayeanza 1939 na kufika 1945 bila kufa hata mara moja amecheza mchezo mwingine kabisa, hata kama jina kwenye kasha ni lilelile.

Hatua ya tatu: Ijue nyambizi yako kabla haijakuua

Aina ya VIIC, nyambizi iliyoundwa kwa wingi kuliko zote katika vita vile, ilikuwa na urefu wa mita 67, mabomba matano ya kurushia na torpedo 14. Juu ya maji ilikwenda maili 17 za baharini kwa saa. Chini ya maji ilifika maili 7 hivi, tena kwa muda mfupi. Ikitembea polepole, maili 4 kwa saa, betri yake iliipeleka maili 80, basi. Baada ya hapo lazima iibuke, adui awepo asiwepo.

Sasa linganisha na wanaokuwinda. Hata korveti za Uingereza za aina ya Flower, zilizodharauliwa kwa udogo na uchovu wa injini zao, zilikwenda maili 16 kwa saa. Maana yake ni kwamba ukishapiga mbizi, huna mbio za kumshinda yeyote. Hatari yako yote imeamuliwa kabla hujafyatua torpedo ya kwanza. Kinachofuata ni malipo.

Hatua ya nne: Pima tamaa kwa vipimo

Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Nyambizi ndiyo mahali ambapo msemo huo unaweza kupimwa kwa mita na kwa dakika.

Kila mchezaji anamjua Günther Prien, aliyeiingiza U-47 ndani ya bandari ya Scapa Flow usiku wa Oktoba 1939 na kuizamisha manowari Royal Oak ya Uingereza pamoja na watu zaidi ya 800. Wengi wanavutiwa na jinsi alivyoingia. Wewe soma jinsi alivyotoka: aliijua njia yake ya Kirk Sound, na alipomaliza hakubaki kutafuta shabaha nyingine. Akaondoka.

Kisha soma Machi 1941. Katika muda usiofika wiki mbili Ujerumani iliwapoteza manahodha wake watatu mashuhuri. Prien alitoweka na nyambizi yake. Joachim Schepke na Otto Kretschmer walizamishwa usiku mmoja wakiuandama msafara wa meli HX 112. Nyambizi ya Schepke ilionekana kwa rada gizani, ikagongwa na manowari Vanoc, na Schepke akafa pale juu alipokuwa amesimama. Kretschmer, aliyezamisha tani nyingi kuliko nahodha mwingine yeyote wa nyambizi katika vita vile, alikuwa ameshamaliza torpedo zake na kuanza safari ya kurudi. Aliokolewa majini, akawa mfungwa. Watu hawa hawakuwa wamepoteza ustadi. Bahari ndiyo iliyokuwa imebadilika, na mbinu ya kushambulia usiku juu ya maji, iliyowatajirisha mwaka mzima, sasa ilikuwa inaonekana kwenye kioo cha rada ya adui.

Kwa hiyo, kabla ya kufyatua, jibu maswali matatu kwa sauti. Nitatokea wapi? Betri imebaki kiasi gani? Chini yangu kuna maji ya kina gani? Swali moja likikosa jibu, geuza usukani. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Kurudi bandarini na torpedo ambazo hazijafyatuliwa ni kazi ya nahodha mwenye akili, na mabaharia wake wote wapo mezani kuthibitisha.

Hatua ya tano: Nyamaza mabomu yakianguka

Siku itafika utakapokuwa mita 150 chini, na juu yako manowari inapita. Mkono wako utataka vitu viwili: mwendo kasi, na kitufe cha kutokea. Unyime vyote viwili.

Sona ya manowari za wakati ule ilitazama mbele. Manowari ilipokaribia kabisa kupita juu ya nyambizi iliyo kina kirefu, mwangwi ulipotea, na kwa sekunde kadhaa mwindaji alikuwa kipofu. Hizo ndizo sekunde zako. Geuka, ongeza mwendo wakati milipuko inakufunika, kisha rudi kwenye ukimya. Ukikosea muda, kelele ya injini yako ndiyo itakayomwelekeza.

Hapa ndipo Silent Hunter III inapokuweka njia panda iliyo bora kuliko zote. Ukiamuru ukimya, mafundi wanaacha kutengeneza na torpedo hazipakiwi. Maji yanaingia chumba cha nyuma, na fundi aliye pale ana jina, ana cheo, na umeshampa nishani. Utamruhusu agonge chuma ili azibe tundu, au utamwamuru akae kimya na maji yapande? Mwenye uwezo wa kurudi nyuma hujaribu jibu moja, kisha lingine, na hapati uzito wa lolote. Aliyekula kiapo hujibu mara moja. Ndiyo maana ninasema kifo cha kudumu si adhabu. Ndicho kinachomgeuza baharia yule wa tarakimu kuwa mtu unayemwajibikia.

Usiharakishe saa ya mchezo wakati huo. Mawindo ya kweli yalichukua saa nyingi, na subira ni sehemu ya mafunzo.

Hatua ya sita: Kubali kifo kisicho cha haki

Nyambizi ya Marekani Tang, chini ya Richard O'Kane, ilikuwa miongoni mwa nyambizi zilizofanikiwa kuliko zote. Oktoba 1944, karibu na Formosa (Taiwan ya leo), ilifyatua torpedo yake ya mwisho katika doria ile. Torpedo hiyo ikaharibika, ikazunguka na kuirudia nyambizi iliyoirusha. Watu 78 walikufa; 9 walinusurika, O'Kane akiwamo. Hakukuwa na uamuzi mbaya wa kulaumu.

Nawe utakufa hivyo. Ndege itatokea mawinguni alfajiri ukiwa njiani kurudi. Bomu la kutegwa litakungoja mlangoni mwa bandari yako mwenyewe. Utataka kusema kwamba kosa ni la programu, kwamba mara hii haihesabiwi. Inahesabiwa. Sheria yenye msamaha kwa bahati mbaya imeshakufa kabla yako, kwa kuwa baharini bahati mbaya ndiyo iliyoua wengi. Futa faili. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hatua ya saba: Wataje walio upande wa pili

Katika mingi ya michezo hii bendera unayoipeperusha ni ya utawala wa Hitler, na meli zilizo kwenye periskopu zina watu. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna ruhusa ya kulisahau hilo.

Kuanzia mwaka 1942 Kilindini, bandari ya Mombasa, ilikuwa ngome ya meli za kivita za Uingereza katika Bahari ya Hindi. Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa katika msafara kuelekea Colombo. Ndani yake kulikuwa na mamia ya askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpedo. Meli ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi, na watu karibu 1,300 wakafa. I-27 ilijificha chini ya maji, na walionusurika walikuwa wakielea juu. Manowari Petard na Paladin, zilizokuwa zikiulinda msafara, ziliisaka, na mabomu yakaangushwa palepale penye watu majini, kwa sababu kuiacha nyambizi kulimaanisha vifo vingi zaidi kesho. Mwishowe nyambizi ililazimika kuibuka, nayo ikazamishwa.

Hakuna mtu katika habari hiyo aliyekuwa na kitufe cha kurudia: si askari aliyetoka Kenya, si nahodha wa Petard, si Mjapani. Silent Hunter 4 ina nyongeza ya mwaka 2008 inayompeleka mchezaji katika Bahari ya Hindi hii hii. Ukiicheza, andika daftarini jina la kila meli unayoizamisha, na mahali ilipozama. Nahodha anayekubali kifo chake kiwe cha kudumu hana budi kukiona na cha wenzake kuwa cha kudumu.

Hatua ya nane: Staafu

Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, na wachezaji wengi hawaifikii. Erich Topp aliiongoza U-552 hadi mwaka 1942, kisha akahamishiwa kazi ya kufundisha. Alizeeka, akafa mwaka 2005. Uhamisho ule haukuwa uamuzi wake, ila wewe una uwezo ambao yeye hakuwa nao: unaweza kuamua mwenyewe.

Basi amua mapema nahodha wako atatoka doria ngapi. Idadi ikitimia akiwa hai, usimwongezee hata moja, hata kama amebakiza tani chache tu kufikia rekodi. Mwandikie daftarini kwamba ameshuka ufukweni, na majina ya mabaharia alioshuka nao. Huo ni ushindi mkubwa kuliko tani laki moja, kwa sababu umepatikana mahali ambapo kushindwa kulikuwa kweli.

Kisha anzisha kazi mpya kwa jina jingine. Mpe nahodha huyo mpya mwaka mgumu kuliko wa mwenzake, na umsomee kiapo upya kabla hajang'oa nanga.