MB Si Mombasa

Mjomba wangu ameacha ubaharia, ubaharia haujamwacha. Nyumba tunayopanga Liwatoni imejaa elimu ya bandari za watu. Chai hainyweki mpaka tuelezwe wanavyoinywa Karachi, samaki haliwi bila hadithi ya Marseille. Kwa hiyo alipoletewa asali kutoka Kitui, tena ile nyeusi ya mzinga wa gogo, nilijua haitafika kwenye mkate.

Kwetu Ukambani asali ya namna hiyo hugeuzwa pombe ya uki. Huchanganywa na maji, ikatiwa tunda kavu la mwegea, lile ambalo Wakikuyu huliita muratina. Hamira imejificha ndani ya nyuzi zake. Kisha kibuyu huwekwa karibu na meko kipate joto. Liwatoni haina haja ya meko: chumba cha mjomba mwezi wa Februari chaweza kuumua matofali.

Uki ulipotulia, mjomba akatangaza kuwa bado haujakamilika. Wazungu, alisema, huilaza pombe ya asali kwenye pipa la mwaloni, na wakikosa pipa hutumbukiza vipande vya mwaloni vilivyobanikwa kidogo. Mti ule hutoa ukakasi na harufu ya vanila. Hilo ni kweli tupu. Lakini mwaloni nao Mombasa utaupata wapi?

“Bandari iko hapo,” akanijibu. “Bandari haikosi kitu.”

Seremala wa mtaani alimwonyesha mvule, msaji na mwembe. Mjomba akaikataa yote, akarudi jioni na ubao wa paleti begani kama bunduki. Ameambiwa ni mwaloni wa Ulaya. Ubavuni una muhuri: shuke la ngano, herufi, namba, na mwisho kabisa, MB.

“Waona? MB, Mombasa! Ubao huu uliandikiwa kuja kwetu.”

Alikwisha kuupasua na vipande viko juu ya makaa, sebule nzima moshi, jirani yetu wa kazi ya klaringi ya mizigo alipobisha hodi kuomba chumvi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Karibu uonje baadaye.”

Jirani akaokota kipande chenye muhuri, akakisoma, akakirudisha chini polepole.

“Mzee, hii MB si Mombasa. Ni methili bromidi.”

Akatufafanulia. Kwa kanuni ya kimataifa, mbao za kufungia mizigo inayovuka mipaka sharti kwanza ziuliwe wadudu. Zilizopashwa moto hupigwa muhuri wa HT, zilizofukizwa gesi hiyo ya sumu hupigwa MB. Gesi hiyo humfuata mdudu hadi moyo wa ubao.

Mjomba akauliza kama humfuata na mstaafu.

“Sijui, mzee. Lakini usiwe wewe wa kutuonyesha.”

Baharia hashindwi na ubao. Vipande vikatupwa, mjomba akageukia boriti ya mkoko iliyobaki mtu alipokuwa akiezeka. Hoja yake ilikuwa nzuri: ukitaka ukakasi, mkoko unao. Unao mno. Magome yake ndiyo yaliyokuwa yakinunuliwa kutengenezea ngozi. Akayabandua, akayatia yote. Kulipokucha, uki ulikuwa rangi ya damu ya mzee.

Akaonja yeye kwanza, kama nahodha. Midomo ikajikunja, ulimi ukagoma, na hadithi ya Marseille ikakatika katikati. Haijawahi kukatika tangu nimjue.

Wala kutaka harufu ya mti kwenye kinywaji si uzushi wa Wazungu peke yao. Waethiopia hutia vijiti na majani ya gesho kwenye teji yao ya asali. Wakalenjin husugua kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, kwa makaa ya mti wa senetwet. Tofauti ni kwamba mti wao wanaujua tangu enzi za mababu, hawakuuokota nyuma ya ghala. Na sisi tunao mwegea, uliotosha tangu mwanzo.

Basi msomaji, ukiletewa ubao wenye muhuri, usome kabla ya kuonja. Ukikuta MB, hata kuni usiufanye.