Sifa za Chenga za Picha

Hakuna mwigizaji aliyedhulumiwa kama chenga, yaani zile punje zinazotapakaa kwenye picha iliyopigwa penye mwanga hafifu. Katika uhuishaji wa fremu kwa fremu, ambapo kikaragosi husogezwa kidogo, kikapigwa picha, kisha kikasogezwa tena, mpaka zipatikane picha 24 za sekunde moja tu, au 12 ikiwa kila moja itaonyeshwa mara mbili, hata kope haipepesi bila kidole cha mhuishaji. Chenga peke yake hucheza bila kuguswa wala kulipwa, zikihama kutoka fremu hadi fremu, hata ukuta mtupu ukaonekana unatokota kama uji jikoni.

Nasaba yake nayo ni tukufu, kwa kuwa zimezaliwa na mwanga wenyewe, ambao huangukia kihisi cha kamera kwa chembechembe zisizo na mpangilio, na kadiri chembe hizo zinavyopungua ndivyo tofauti baina ya nukta na nukta inavyojitokeza. Kupandisha ISO, yaani kiwango cha kukuza ishara ya kihisi, kutoka 100 hadi 3200 hakuongezi mwanga hata kidogo, bali huzipa chenga kipaza sauti. Tena, ikiwa manyoya ya sokwe wa filamu ya *King Kong* ya mwaka 1933, yaliyotetemeka kwa sababu ya vidole vilivyomsogeza, yamesamehewa na watazamaji, haieleweki kwa nini chenga zinyimwe msamaha huohuo.

Hata hivyo, wasio na shukrani hawakosi, nao wamegundua kwamba, kwa kuwa kikaragosi hakikimbii na kamera imefungwa imara, shata, yaani pazia la kamera, linaweza kuachwa wazi kwa sekunde nzima kwenye ISO 100. Kwamba picha 4 za mkao uleule zikichanganywa kwa wastani, chenga hupungua kwa nusu, na zikiwa 16 hubaki robo. Na kwamba kamera ikipumzishwa, kihisi hakipati joto la kuzaa vinukta ving'aavyo.

Fadhila kuu ya chenga, basi, ni kwamba haziji bila mwaliko, na mwaliko wenyewe huwa ni pupa. Aliyechoshwa nazo aongeze muda wa shata kabla ya kununua programu ya kuzifuta, kwani kikaragosi hakina haraka.