Msitie Kuni, Msipepee

Mtoto wa kidato cha tatu, sweta limetoboka kiwiko, amechukua kipaza sauti mkononi mwangu mbele ya watu wa Isiolo wanaonijua tangu nikiwa napiga chafya bila leso, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Sijapoa bado. Jana jioni nilikuwa napita karibu na msikiti wa Jamia, mwendesha bodaboda akaniita "fundi wa jiko", na abiria wake akacheka kama mtu aliyekuwepo.

Kazi yenyewe ilikuwa kutafsiri. Mgeni wa Nairobi alikuja kwenye mkutano wa amani na hotuba ya Kiingereza iliyochapwa. Salamu zikaenda vizuri, serikali ikaenda vizuri, vijana ni viongozi wa kesho ikaenda vizuri. Kisha akafunua ukurasa wa moto. Hakuna kuwa "inflammatory". Nikasema, epukeni maneno ya kuunguza. Hakuna "ignite". Msiwashe. Hakuna "fuel". Msitie kuni. Hakuna "fan the flames". Msipepee. Hakuna "stoke". Msichochee. Akavuta pumzi, akaja na "incendiary", nami nikatazama dari, nikasema: wala msirushe makaa.

Sasa mtu aliyechelewa kuingia angesikia nini? Akina mama wa maziwa ya ngamia walichelewa, maana asubuhi wako stendi wakipakia mitungi ya kwenda Eastleigh. Wameketi tu, wanamsikia mwanamume mzima akiwakataza kutia kuni, kupepea na kuchochea. Mmoja wao akainua mkono kwa adabu zote.

"Mwanangu, tumekuelewa. Sasa hayo majiko yenyewe mnagawa leo, ama leo ni kuandikisha majina?"

Watu wakaangua kicheko. Mgeni akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza ninawaambia nini watu wake. Nikamjibu: unachosema wewe, bwana. Hakuamini. Na kabla sijajitetea, mama wa pili akataka kuhakikishiwa kwamba jiko hilo litatoa makaa ya kufukizia vibuyu, kwa sababu kama halitoi, yeye halitaki hata la bure.

Hilo swali lilikuwa la maana kuliko hotuba nzima. Kibuyu cha maziwa hakisafishwi kwa maji peke yake. Unachagua kijinga cha mti unaofaa, na si kila mti unafaa, kila mama ana wake anaouapia. Unakitia ndani kikiwa kinawaka, unafunika, unatikisa, moshi unazunguka mpaka pembeni, kisha unamwaga majivu na kupangusa. Moshi unaua vijidudu, maziwa yanastahimili joto la huku bila kuharibika upesi, na yanapata ile harufu ambayo mtu wa Isiolo akiikosa Nairobi hulalamika kwamba amepewa maziwa ya duka. Ukizidisha, yanakuwa machungu. Ukipunguza, yanakufia njiani. Nilitamani kumtafsiria mgeni hayo yote, lakini alikuwa ameshamwita mwandalizi.

Mwandalizi akauliza kama kuna mtu mwingine anayejua Kiingereza. Huyo kijana alikuwa pale kwa ajili ya kukariri shairi. Mgeni akamsomea ukurasa wa moto wote, mwanzo hadi mwisho, bila kupumzika. Kijana akasikiliza, akakuna kichwa, akasogeza kipaza sauti.

"Anasema muache kugombanisha watu."

Makofi. Akapewa soda. Mimi nikapewa karatasi ya kutia sahihi, nusu ya malipo.

Usingizi haukuja, nikafungua kamusi, na huko nikakuta mambo. "Inflame" wameutoa kwenye Kilatini, mwali. "Incendiary" na "incense" ni watoto wa mzazi mmoja, na huyo "incense" ukimkazia mwanzoni ni ubani, ukimkazia mwishoni ni kumtia mtu hasira. Ubani! Kitu ambacho wafugaji wa kaskazini hii hukiokota kwenye miti wakiwa malishoni, kikaishia kwenye vyetezo vya harusi. "Foment" asili yake ni kukanda kidonda kwa kitambaa cha maji moto, Waingereza wakaendelea kukanda mpaka ikawa ghasia. "Instigate" haina moto kabisa, ni kudunga kwa mchokoo, kama anavyofanyiwa punda wa maji akigoma kupanda mlima. Halafu kuna "inflammable", ambayo ile "in" yake haikatai kitu. Miaka ya 1920 Chama cha Kitaifa cha Kuzuia Moto cha Marekani, NFPA, kilianza kuhimiza iandikwe "flammable", kwa hofu kwamba mtu atadhani kitu hakiwaki. Nikamsimulia taniboi wa lori la mafuta linaloelekea Moyale, aliyekuwa ameegemea neno hilo hilo na sigara mdomoni. Akaniambia nisogee, namzibia upepo.

Ningecheka zaidi kama maneno haya yasingekuwa na kifungo ndani yake. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyoletwa na damu ya uchaguzi wa 2007, inampa mwenye matamshi ya chuki faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Aprili 2022 tume yake, NCIC, ikatoa orodha ya maneno ya kuchungwa, na kati ya yale ya Kiingereza kukawa na "fumigation", yaani kufukiza. Kwa kipimo hicho soko lote la maziwa la Isiolo lingelala rumande.

Na hapa ndipo ninapokasirika kweli. Mdomo unapimwa kwa Kiingereza, miaka 3. Lakini vita vya Shifta vilipopita hapa, 1963 hadi 1967, mifugo ikapigwa risasi na watu wakakusanywa kambini, na mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria, Indemnity Act, ya kuwakinga waliotenda hayo wasishtakiwe, na Isiolo ikatajwa humo kwa jina. Kwa hiyo babu aliyechomewa boma hana kesi, mjukuu wake akilisema kwa sauti ya juu ni mchochezi. Na wanaokuja kutuhubiria upole ni wale wale waliotutembelea wakati wa kampeni wakaonyesha kwa kidole mpaka wa Meru na Isiolo uko wapi na nani ameula. Wanarudi na chupa za maji na hotuba iliyochapwa.

Mambo mengine ya wiki hii ni madogo. Duka la dawa limenipa vidonge vya kuzuia "inflammation", na jirani amenishauri niviweke mbali na jiko. Shati la mkutano limeungua pasi.

Leo mwandalizi amenipigia simu. Kuna mkutano mwingine, wageni wengine, na wanamtaka yule kijana. Tatizo ni kwamba yuko bweni, na mwalimu mkuu hataki kumwachilia siku ya masomo. Wananiomba, kwa kuwa mimi ni mwenyeji na najua kuzungumza na watu, niende nikamwombee ruhusa.

Nimemuuliza nauli ni ngapi.