Sifa za Diski Inayogonga

Washairi wetu wamemsifu mpenzi, bahari na hata tende. Diski mbovu ya kompyuta imeachwa bila beti. Dhuluma hiyo haifai kuendelea. Nasema diski ile ya kizamani yenye sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huku kichwa chake cha kusomea kikielea juu yake kwa nafasi ambayo punje ya vumbi la Tabora la kiangazi haipenyi. Kikiteleza kidogo tu, kinakwangua. Pamoja na kazi hiyo ya roho mkononi, anapochoka mtumishi huyu huaga: hugonga, husita, hufungua faili moja wakati mwenyewe ameshamaliza chai. Diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, aghalabu hukata roho kimya, na watu huuita ukimya huo maendeleo. Kweli, watafiti wa Google waliofuatilia diski zaidi ya 100,000 walieleza mwaka 2007 kwamba zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya dalili kuu nne walizozitegemea. Basi diski zenye adabu ni chache, na ndiyo sababu inayogonga inastahili heshima zaidi.

Fadhila yake kubwa ni kwamba hukataa kutengenezwa. Mteja humuuliza fundi kama airekebishe au anunue mpya, kana kwamba alichopoteza ni chombo. Lakini diski haifunguliwi juu ya meza ya kibanda kando ya barabara; inahitaji chumba kilichochujwa vumbi. Kuibadilishia bodi ya nje nako mara nyingi hakusaidii, maana diski nyingi hutunza vipimo vyake vyenyewe katika chipu ya bodi ileile, na chipu hiyo lazima ihamishwe. Hata wataalamu huitengeneza ili itoe kilichomo, si ili irudi kazini. Na kila inapowashwa kwa kujaribu, inapunguza pumzi zilizobaki. Hivyo inamlazimisha mwenye nayo kuchagua nini kinakiliwe kwanza: hesabu za duka, au filamu alizokwisha kuziona?

Somo hili Unyamwezi inalijua tangu zamani. Msafiri Livingstone alipoishiwa karatasi na wino mwaka 1871, aliandika shajara yake juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea. Hakukaa kuyaombea magazeti hayo umri mrefu. Alinakili habari za safari zake katika kitabu kimoja kikubwa, na Machi 1872, pale Kwihara nje kidogo ya Tabora, akamkabidhi mwandishi wa habari Stanley kikiwa kimepigwa lakiri. Mei msafara ukafika nacho Bagamoyo. Ile shajara ya magazetini ilififia hata ikawa haisomeki, mpaka wataalamu walipoipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali na kuitoa hadharani mwaka 2011. Miaka 140 ni muda mrefu kumsubiri fundi. (Alipokuwa akinakili, Livingstone alibadilisha pia baadhi ya mambo, dhambi ambayo kompyuta haina.)

Atatokea mtu kutoka Kigoma aniulize: na Liemba je? Meli hiyo ilizamishwa na Wajerumani mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kubeba abiria Ziwa Tanganyika. Hoja nzito. Ila waliomzamisha bibi huyo walizipaka injini zake grisi kwanza, wakitumaini kurudi. Na thamani ya meli ni meli yenyewe, hali diski mpya hufanya kazi ya ile ya zamani bila mtu kuona tofauti, mradi mzigo umehamishwa. Kuhusu bei, asiye na fedha za diski ya pili ndiye hasa asiyemudu kuichezea ile ya kwanza. Ainakili ingali inagonga, kisha amwachie fundi maiti: ndani yake mna sumaku kali, na hakuna kitu bora kuliko hizo cha kuokotea skrubu zilizodondoka.